Cook, Zuhura na Mtawala wa Rio

Kisa cha Luteni James Cook na makamu wa mfalme wa Ureno mjini Rio de Janeiro husimuliwa kama kichekesho, na ndivyo nilivyokisikia tena hivi karibuni hapa Moshi, kwa mwalimu mstaafu anayeijua historia ya mabaharia kuliko wengi wetu. Meli ya Endeavour iliingia bandarini tarehe 13 Novemba 1768 kutafuta maji na chakula. Mtawala, Conde de Azambuja, alipoelezwa kuwa wageni wanakwenda Bahari ya Kusini kuitazama Zuhura ikipita mbele ya jua, alichoelewa, kwa mujibu wa Cook mwenyewe, ni kwamba Nyota ya Kaskazini itapita katika Ncha ya Kusini. Hapo mezani wote wakacheka, na kesi ikawa imekwisha: baharia mwenye elimu kaonewa na ofisa mjinga.

Nakubali kwamba lalamiko la Cook lina uzito. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza mwenye hati ya kiserikali, na nchi yake ilikuwa na mkataba wa urafiki na Ureno tangu 1373. Miezi miwili tu kabla, katika kisiwa cha Madeira kilicho chini ya Ureno hiyohiyo, mtaalamu wake wa mimea, Joseph Banks, alikusanya majani na maua bila kubughudhiwa. Rio ilikuwa kinyume kabisa. Cook na mabaharia waliohitajika kwa kazi tu ndio walioruhusiwa kushuka, tena yeye akifuatwa na askari. Mahitaji yake yalibidi yanunuliwe kupitia wakala. Na kila mashua yake ilitakiwa kubeba mlinzi. Aliandika barua moja baada ya nyingine, akajibiwa kila mara kwa adabu, na hakuna kilichobadilika.

Lakini hebu tukae kidogo kwenye kiti cha Azambuja. Rio ilikuwa imefanywa makao makuu ya Brazil mwaka 1763 kwa sababu dhahabu na almasi za Minas Gerais, jimbo la migodi, zilipitia huko, na wageni walikatazwa kufanya biashara ili mali hiyo isitoroshwe kwa magendo. Sasa inaingia meli pana, yenye tumbo kubwa, iliyojengwa Whitby, Uingereza, kwa ajili ya kubeba makaa ya mawe, na nahodha anasema ni meli ya mfalme. Anaulizwa anakwenda wapi, anajibu: kutazama sayari. Ofisa yeyote wa forodha, hata wa pale mpakani Holili, angeomba kufunguliwa shehena.

Tena Azambuja alikuwa na sababu ya karibu zaidi. Mwaka 1764 nahodha mwingine wa Kiingereza, John Byron, alitia nanga Rio kwa maelezo kwamba anakwenda India. Hakwenda India, miezi michache baadaye alikuwa visiwa vya Falkland, akivitangaza kuwa mali ya mfalme wake. Na Cook, aliyeudhika kiasi kile kwa kutoaminiwa, alikuwa amebeba amri ya siri kutoka wizara ya majini, ya tarehe 30 Julai 1768, iliyomtaka, akishamaliza kuitazama Zuhura, alitafute bara la kusini na kutwaa ardhi kwa jina la mfalme. Kwa hiyo aliyoyasema Rio yalikuwa kweli, ila hayakuwa yote. Azambuja alikosea kuhusu magendo, hakukosea kwamba kuna jambo analofichwa. Banks alishuka kisirisiri alfajiri ya tarehe 26 Novemba, kinyume cha katazo, na Cook alirekodi ngome za bandari na kukadiria kuwa meli tano au sita kubwa za kivita zingetosha kuuteka mji. Hayo huandikwa na mtu aliyekuja kuchota maji tu?

Sisi wa Moshi tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Mmisionari Rebmann alikuja 1848 akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Mvumbuzi wa Kijerumani, von der Decken, akaja 1861 kuupima. Na 1885 Jühlke, wakala wa ukoloni wa Kijerumani, akaja na karatasi ya mkataba kwa Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Wawili wa kwanza huenda hawakuwa na nia yoyote mbaya, lakini tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mwanawe Rindi, alinyongwa Old Moshi na serikali ya Kijerumani iliyokuja nyuma ya karatasi ile. Najua Azambuja hakuwa Mangi: alikuwa mkoloni, akilinda dhahabu iliyochimbwa na watumwa waliotolewa katika bara hili. Hata hivyo, kushuku kwake vipimo vya mgeni hakukuwa ujinga.

Nisipoweza kumtetea ni kwa wapiga makasia. Luteni Hicks, msaidizi wa Cook, alipotumwa pwani na amri ya kukataa mlinzi, watu wake walikamatwa na kulazwa gerezani, na yeye akarudishwa melini chini ya ulinzi. Walitii amri ya mkubwa wao tu, na ugomvi haukuwa wao. Waliachiwa kesho yake, na ombi la Cook la mashua ya kusaidia kutafuta boti yake iliyopeperushwa na upepo ikiwa na mapipa manne makubwa ya ramu likakubaliwa pia.

Ya mwisho ni ya kiofisi zaidi. Tarehe 5 Desemba Endeavour ilipoanza kutoka, ngome ya Santa Cruz iliipiga mizinga miwili, na Cook akalazimika kutia nanga na kutuma watu kuuliza kosa lake. Kibali cha kuipitisha kilikuwa kimeandikwa siku kadhaa nyuma. Hakuna aliyekipeleka ngomeni.