Sie Tunaruka

Kwetu Tanga ukisema "mimi" mara mbili mfululizo utaulizwa kama unasoma risala. Sisi ni watu wa mie, sie na nyie. Sasa fikiria nimefika Lappeenranta, mashariki mwa Ufini, kitabu changu kinanifundisha minä ni "mimi" na sinä ni "wewe", halafu namsikia mzee wa nyumba ya pili anasema "mie". Nusura nimkumbatie. Safari yote ile, kumbe nimeshukia Ngamiani, palepale Tanga!

Helsinki wanakata wanasema mä na sä. Tampere ni mää na sää (sää kwenye kamusi ni hali ya hewa, sikuuliza zaidi). Lakini huku karibu na mpaka wa Urusi ni mie na sie. Hapo ndipo nilipojimaliza. Kama mie ni mimi, sie itakuwa nini kama si sisi? Kamusi sikuifungua. Nani anafungua kamusi kutafuta neno la bibi yake?

Jumamosi moja ya Februari mzee akanialika sauna, pamoja na rafiki zake wawili. Nyuzi 80. Wenzangu wamekaa kama walivyozaliwa, mie nimeng'ang'ania taulo kama hati ya nyumba. Nje ziwa Saimaa limeganda, na kwenye barafu wametoboa shimo lenye ngazi, wanaliita avanto. Tukatoka. Mzee akanigusa bega:

"Sie hyppäät, mie katon."

Hyppäät nilijua ni kuruka. Katon ikanipita. Nikajumlisha: sie tunaruka. Haya, tuko wanne, kifo cha wengi harusi.

Ile t mwishoni mwa hyppäät ndiyo iliyokuwa inanionya: anayeruka ni wewe, bwana, peke yako. Na mie katon ni "mimi natazama". Ingekuwa ni sisi angesema me hypätään. Lakini mtu aliyetoka kuchemka anasikiliza mkia wa neno?

Wakahesabu, na hata namba wanazikata: yks, kaks... Kwenye kolme nikaruka. Pumzi ilitoka bila kuaga. Nilipoibuka nikatafuta vichwa vitatu majini. Vyote viko juu ya barafu, na viwiliwili vyake, vimejifunga mataulo, vinanipigia makofi.

"Nyie! Mbona hamruki?" nikapiga kelele kwa Kiswahili, Kifini chote kilikuwa kimezama. Ngazi ile, nilikuja kujua, wenyewe huitumia kushukia polepole.

Ndani, meno yakigongana, nikamshtaki mzee: ulisema sie!

"Nii," akajibu kwa upole, akanielekezea kidole kifuani. "Sie." Akajigusa mwenyewe. "Mie."

Wiki mbili baadaye akanikuta uani pembeni ya rundo la kuni. "Sie kannat puut," akasema. Wewe utabeba kuni. Nilielewa vizuri kabisa, lakini bado niligeuka nyuma kuangalia kama kuna wengine.