Jina lipo, mwizi hayupo: usajili wa laini na faragha ya mwenye jina

"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." Ni vigumu kumpata mwenye simu Tanzania ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa namna hii. Wengi tunaufuta, wengine tunacheka, wachache tunausukuma kwenda 15040, namba iliyotengwa kwa ajili ya kuripoti matapeli. Mimi huwa nausoma mpaka mwisho kwa sababu ya hilo jina. Tapeli analitaja kabla hujaliona kwenye kioo. Anajua kwamba ukiingiza namba na kiasi, mtandao utakuonyesha jina la aliyesajiliwa, litalingana na lile alilokutajia, nawe utapata moyo wa kuweka namba ya siri. Usajili uliowekwa ili umfichue, yeye anautumia kukutoa wasiwasi.

Na mara nyingi jina hilo si lake. Ni la mama fulani ambaye hata hajui kwamba ana laini ya pili.

Naanza na huyo mama kwa makusudi, maana kila mjadala wa usajili wa lazima unapoanza, wanaoulizia faragha hujibiwa kwa swali moja: kama huna la kuficha, unaogopa nini? Swali hilo linachukulia kwamba kuna watu wa aina mbili tu, raia mwema asiye na wasiwasi na mhalifu anayetaka giza. Mama yule hayumo katika hesabu hiyo. Hana la kuficha, na bado usajili umemletea balaa.

Haki ya serikali tuitaje kwanza, na si ndogo. Tanzania ilianza kusajili laini mwaka 2009, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ikaufanya usajili kuwa wajibu wa kisheria. Kwa miaka kama kumi ilitosha kadi ya mpiga kura, leseni au barua ya serikali ya mtaa, na laini ambazo tayari zilikuwa na jina la mtu mwingine ziliuzwa stendi kama karanga. Ule haukuwa usajili, yalikuwa makaratasi. Ndipo 1 Mei 2019 ukaja usajili wa alama za vidole uliofungamanishwa na namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Foleni za NIDA tunazikumbuka. Siku ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20, na ilipofika 20 Januari 2020 laini zikaanza kuzimwa, zaidi ya laki sita kwa mkupuo wa kwanza.

Faida zake tunazila kila siku. Ukipoteza simu leo, unarudisha laini yako na salio lako kwa sababu kidole chako kinajulikana. Huduma za fedha za simu, pamoja na mikopo midogo inayomvusha muuza mbogamboga hadi kesho, zisingeweza kusimama bila kujua nani ni nani. Kwenye ugaidi pia hoja haiwezi kupuuzwa: watu wawili waliotiwa hatiani Nairobi mwezi Oktoba 2020 kwa kuwasaidia washambuliaji wa jengo la maduka la Westgate, shambulio lililoua watu 67 mwaka 2013, walifikiwa kwa kiasi kikubwa kupitia mawasiliano yao ya simu. Hata Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Breyer dhidi ya Ujerumani, iliamua 30 Januari 2020 kwamba kumlazimisha mnunuzi wa laini ya malipo ya kabla ajitambulishe si uvunjaji wa haki ya maisha binafsi. Anayedai kwamba usajili wenyewe, kwa asili yake, ni dhuluma, ana kazi ngumu mbele ya hukumu hiyo.

Ila ukiisoma hukumu ile utaona ilisimama juu ya nini. Taarifa zilizochukuliwa zilikuwa chache: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, namba. Na palikuwa na vyombo huru vya kusimamia nani anaziomba na kwa nini. Sisi tumeazima uamuzi, masharti yake tumeyaacha hukohuko.

Twende kwenye mwamvuli. Sheria imeandikwa Dodoma, lakini usajili unafanyika chini ya mwamvuli pembeni ya barabara, kwa kijana anayelipwa kamisheni kwa kila laini anayoiuza. Unampa namba yako ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo kabla hujaweka kidole ameshaijua tarehe yako ya kuzaliwa. Anaiandika kwenye daftari "ili mtandao ukikwama tusihangaike". Unaweka kidole kwenye kile kifaa. Anatazama, anatikisa kichwa. "Haijasoma, weka tena." Unafuta jasho kwenye kanga, unaweka tena. "Weka cha upande wa pili." Kati ya mara hizo tatu moja ilikuwa ya laini yako. Nyingine huenda kweli mashine ilikwama, na huenda laini nyingine imezaliwa kwa jina lako. Wewe uliyekaa kwenye stuli ya plastiki huna njia ya kutofautisha, kioo kimegeukia kwake.

Mchezo huu si siri. Polisi na mamlaka wameutolea tahadhari tena na tena, na ndiyo sababu tumepewa *106# ili kila mtu aangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Ni huduma nzuri. Lakini tazama mzigo umewekwa kwa nani. Aliyelazimishwa kusajili ndiye anayetakiwa kulinda rejesta, akumbuke kubonyeza namba hiyo mara kwa mara, aelewe orodha anayoiona, kisha apande daladala mpaka ofisi ya kampuni kuikana laini ambayo hakuiomba.

Hapa ndipo penye jambo ambalo naona halijadiliwi vya kutosha. Zamani mtu akiitwa kituoni kwa laini asiyoijua, alikuwa na utetezi unaoeleweka: kitambulisho kilitolewa kivuli, jina likaandikwa na mtu mwingine, sahihi si yangu. Mpelelezi alikuwa na sababu ya kumsikiliza, maana kila mtu alijua karatasi hughushiwa. Leo anaambiwa: kidole ni chako. Na kweli ni chake. Alama za vidole hazikumzuia mwizi kupata laini, zimempa laini yenye ushahidi mzito zaidi dhidi ya mtu asiye na kosa. Kadiri tunavyoamini rejesta, ndivyo asiyehusika anavyopata taabu kujinasua. Fundi cherehani wa kijijini anayeulizwa milioni mbili za mtu wa Mwanza zimekwenda wapi ataeleza nini? Kwamba mwaka juzi aliweka kidole mara tatu? Atamkumbuka kijana yule, wakati mwamvuli umeshahama?

Kuna watakaosema hizo ni kasoro za utekelezaji, si za wazo. Ningekubali kama wazo lingekuwa limetupa kile lilichoahidi. Sensa ya 2022 ilitupata watu 61,741,120, na karibu nusu ni watoto. Mwisho wa 2023 laini zilizosajiliwa zilikuwa zaidi ya milioni 70. Laini isiyosajiliwa haipaswi kuwa hewani. Maana yake, kila ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" unaoingia leo unatoka kwenye laini yenye jina, namba ya NIDA na alama ya kidole. Ripoti za robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinataja mpaka mikoa inakotokea majaribio mengi zaidi, Rukwa na Morogoro zikiwa juu. Mkoa tunaujua, jina tunalo, kidole tunacho, na ujumbe unaendelea kuingia. Huu si ushahidi kwamba usajili hausaidii kitu, kwa sababu hatujui hali ingekuwaje bila usajili. Ni ushahidi kwamba aliyesajiliwa na anayeishika simu wanaweza kuwa watu wawili, na rejesta inamjua mmoja tu.

Wengine wameshapita njia hii. Mexico ilianzisha rejesta ya laini mwaka 2009, ikaifuta baada ya miaka michache, taarifa za watu zikiwa zimeshauzwa mitaani na ulaghai wa simu ukiwa haujapungua. Ilipojaribu tena mwaka 2021, safari hii na taarifa za kibayometria, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitupa sheria hiyo Aprili 2022. Nigeria iliilima MTN faini ya zaidi ya dola bilioni 5 mwaka 2015 kwa kuchelewa kuzima laini zisizosajiliwa, faini iliyopunguzwa baadaye, kisha kuanzia Desemba 2020 ikaagiza kila laini ifungwe kwenye namba ya taifa. Machi 2022 treni ya Abuja kwenda Kaduna ilishambuliwa, abiria wakatekwa, na watekaji wakapiga simu kwa familia kudai fedha. Hata GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, uliandika mwaka 2016 kwamba hapajapatikana ushahidi wa kitafiti kuwa usajili wa lazima wenyewe unapunguza uhalifu.

Sasa faragha kwa maana yake ya kawaida, ile ya serikali kukujua. Hapa watetezi wa faragha nao huchanganya mambo. Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti madai yaliyotolewa katika baraza la kazi la London na aliyekuwa mchunguzi wa kampuni ya Millicom, iliyokuwa ikimiliki mtandao wa Tigo: kwamba katika wiki zilizotangulia kupigwa risasi kwa Tundu Lissu, 7 Septemba 2017 Dodoma, taarifa za simu yake zilikuwa zikipelekwa kwa mamlaka za serikali. Wengi walilitumia jambo hilo kulaani usajili. Lakini namba ya mwanasiasa mkubwa inajulikana hata isiposajiliwa, haihitaji rejesta kumfuatilia. Kinachotia hofu katika madai yale ni mlango wenyewe: nani anaweza kugonga kwenye kampuni ya simu akafunguliwa, na nani anaandika kwamba alikuja. Usajili unaongeza watu walio nyuma ya mlango huo. Lissu hakuwa na cha kupoteza kwa kujulikana namba yake. Mtumishi wa halmashauri anayetaka kumdokeza mwandishi kuhusu zabuni hewa, anacho. Mke aliyekimbia kipigo, ambaye shemeji yake ni wakala na akitaka anaweza kumuuliza rafiki yake wa kampuni ya simu, anacho pia.

Kenya imetuonyesha jinsi taarifa zinavyovuja bila hata serikali kunyoosha mkono. Juni 2021 Wakenya wengi walifungua eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuvijua. Namba zao za vitambulisho zilitoka wapi? Aliyewahi kuingia jengo la ofisi Nairobi anaweza kukisia: askari wa getini ana kitabu, unaandika jina, namba ya kitambulisho na ya simu, na kabla ya kuandika unasoma za waliotangulia. Daftari la wakala wa fedha ni hivyohivyo. Na badala ya kupunguza kinachokusanywa, kanuni mpya za usajili za Kenya za mwaka 2025 zikaja na tafsiri ya taarifa za kibayometria inayotaja hadi DNA na umbo la sikio. Mamlaka ya Mawasiliano ya huko ilieleza kwamba haijaagiza kampuni kuvikusanya. Basi vimeandikwa vya nini?

Mimi sidai usajili ufutwe. Kwenye akaunti ya fedha naona hauepukiki, na asiyetaka kujulikana na anayemtunzia pesa anaomba kisichowezekana. Ninalokataa ni kuubeba uzito huo wote kwa kila laini, hata ya kupigia tu, kisha kumkabidhi kijana wa kamisheni auhifadhi. Iwe lazima kisheria kwamba laini mpya ikifunguliwa kwa namba yangu ya NIDA, laini yangu ya zamani inapata ujumbe na haiwaki mpaka nijibu ndiyo. Kioo cha kifaa kimwelekee mteja. Kampuni ilipe pale wakala wake anaposajili mara mbili, isiishie kumfukuza. Na anayetaka taarifa za mteja aje na kibali cha mahakama, idadi ya maombi itangazwe kila mwaka.

Nyenzo za kisheria tunazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Fundi cherehani yule, anayekuta laini asiyoijua kwa jina lake, chini ya sheria hiyo ni mlalamikaji. Kituoni bado anaingia kama mtuhumiwa. Tume ikichukua kesi moja tu ya namna hii, ikaifuata kutoka kwenye laini mpaka kwa wakala na kutoka kwa wakala mpaka kampuni iliyompa kifaa, tutajua haraka kama kampuni zinashindwa kuzuia usajili wa mara mbili au hazijawahi kuwa na sababu ya kuuzuia.