Prosija Mbili kwa Jina Moja

Ninatunza hifadhidata ya chama kimoja cha ushirika wa mazao hapa Mbeya, na kwa muda mrefu niliona kuipa jina prosija (yaani kundi la amri linalohifadhiwa ndani ya hifadhidata na kuitwa kwa jina lake) kuwa suala la mazoea ya mwandishi wake tu. Nilibadili mawazo kwa sababu ya prosija niliyoirithi, iliyoitwa hesabu_malipo. Katika Kiswahili “hesabu” ni kitenzi na ni nomino pia, kwa hiyo kwa kulisoma jina peke yake usingejua kama inakokotoa fedha za mkulima na kuziandika kwenye jedwali, au inatoa taarifa ya kusomwa tu. Mwenzangu aliyetaka taarifa aliiendesha mara mbili mchana mmoja, na kila mara ikaandika mistari mipya ya malipo.

Sasa inaitwa kokotoa_malipo_mkulima, na zote zinazosoma bila kuandika zinaanza na taarifa_. Wapo wanaosema majina ya Kiingereza yangetuepusha na utata huo. Sikubaliani nao, maana mhasibu anayekagua kosa usiku kule Tukuyu hufikiri kwa Kiswahili.

Jina zuri, hata hivyo, halitoshi. Tunatumia PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, ambayo ina amri ya CREATE PROCEDURE tangu toleo la 11 la mwaka 2018, na katalogi yake, pg_proc, yaani orodha ya ndani ya prosija zilizosajiliwa, haiitambui prosija kwa jina pekee, bali kwa jina, skima (kundi inamowekwa) na aina za vigezo, yaani thamani inazopewa inapoitwa. Nilipoongeza kigezo cha makato ya usafiri nikatumia CREATE OR REPLACE, nikidhani ninaibadilisha ile ya zamani, kumbe nimesajili ya pili pembeni yake. Kompyuta za ofisini zikaita mpya; kompyuta ya kituo cha Tukuyu, ambayo programu yake haikuwa imesasishwa, ikaendelea kuita ya zamani, na wakulima wa huko wakalipwa bila kukatwa usafiri kwa juma zima. Hakuna kosa lililoandikwa popote, kwa sababu kwa upande wa injini ya hifadhidata kila kitu kilikuwa sawa. MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ingekataa jina hilo kujirudia ndani ya hifadhidata moja, na katika hili naionea wivu.

Kwa maoni yangu, vigezo vikibadilika, prosija ya zamani ifutwe kwa DROP PROCEDURE ikitajwa pamoja na aina za vigezo vyake, na mpya isajiliwe ndani ya muamala huohuo (amri zinazotekelezwa zote kwa pamoja au zisitekelezwe kabisa), ikifuatwa na COMMENT inayoeleza kazi yake na programu zinazoiita. Ruhusa nazo zipangwe upya hapohapo, kwa kuwa za awali hufutika pamoja nayo na mpya, kwa kawaida, huweza kuitwa na kila mtumiaji.

Asubuhi baada ya kuifuta ile ya zamani, karani wa Tukuyu alinipigia simu: “Kaka, mashine imegoma kulipa.” Nilimshukuru, nikamtumia programu mpya.