Nani Hajapata Maji?

Leo asubuhi, sijatia hata uzi kwenye tundu la sindano, mpwa wangu kanijia mbio na simu: "Mjomba, umetoka!" Nimetoka wapi, nipo hapa tangu saa mbili. Natazama, ni mimi kweli. Kanzu ya Ijumaa, mkono juu, mdomo wazi, na nyuma yangu watu wapata mia, wote mikono juu. Chini wameandika kwamba wananchi wameunga mkono kwa kauli moja mpango wa kaunti wa kupanga upya huduma za hospitali.

Kwa kauli moja! Hiyo kauli niliisikia kwa masikio yangu. Ilitoka kwa mshereheshaji, nayo ilikuwa: "Nani hajapata maji?"

Tusiopata maji ndio hao pichani. Waliopata walikuwa kwenye hema la mbele, na ukitazama vizuri utawaona, mikono chini, chupa mapajani. Kwa hesabu hiyo wao ndio walioupinga mpango.

Mkutano ulitangazwa saa tatu. Ulianza saa ngapi sina haja ya kuwaambia, nyinyi si wageni. Dua, sala, kutambulishwa wageni, kutambulishwa waliowatambulisha wageni, salamu za mheshimiwa ambaye hakuja, salamu za mwakilishi wake ambaye alikuja lakini ana haraka. Mpango wenyewe ni kitabu, Kiingereza kitupu, nakala moja, na aliyekuwa nayo alijipepea nayo mwanzo hadi mwisho. Sisi tulipewa karatasi yenye mishale. Mshale mmoja umetoka kwenye kituo chetu umebeba wodi ya wazazi, ukavuka ukurasa, ukaitua kwenye hospitali kubwa ya mjini. Kwenye karatasi ni inchi nne. Kwa tuktuk, usiku, mvua inanyesha, muulizeni binti wa jirani yangu, ambaye mwanawe wa pili kazaliwa mbele ya kituo cha mafuta. Nacho kituo chetu kibaki cha mchana, kifungwe saa kumi na moja jioni. Nadhani mimba zitaarifiwa.

Wala sikufuata soda. Katiba, ibara ya 10, inataka umma ushirikishwe, na mimi nikishirikishwa sikatai. Nilifunga duka, nikavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne, nikaandika hoja zangu mbili nyuma ya risiti ya vifungo. Hoja ya kwanza ni wodi ya wazazi. Ya pili siisemi hapa, inamhusu mlinzi wa lango na ndugu zake wanaopita bila foleni.

Lakini kabla hujashirikishwa, lazima uandikishwe. Langoni kaketi binti na tableti, kizibao cha kijani, adabu tele, Kiswahili cha bara.

"Mzee, uko na ID?"

"Ninayo."

"Uko nayo hapa?"

"Mwanangu, niliyeko hapa ni mimi. Kitambulisho kimo mfukoni."

Akakipokea. "Na uko na miaka ngapi?"

"Mingapi."

"Ndio nauliza, ngapi?"

"Miaka haiwi ngapi, huwa mingapi. Nina 58."

Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Kazi? Fundi cherehani. Kwenye tableti hamna fundi cherehani. Kuna mkulima, mvuvi, mfanyabiashara, mwajiriwa, asiye na kazi. Akanitia "nyinginezo". Miaka 31 nakanyaga cherehani, nusu ya waliokaa kwenye hema la wageni suruali zao nimezipunguza mimi, leo ni nyinginezo.

"Umepata huduma kwa hiki kituo miezi sita iliyopita?"

"Nimekwenda."

"Sasa ni kusema ulipata?"

"Nimesema nimekwenda."

"Naweka ndio. Ulingoja muda gani? Chini ya nusu saa, nusu saa hadi saa moja, ama zaidi ya saa moja?"

"Tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa saba mchana."

"Zaidi ya saa moja."

"Ni zaidi ya saa moja, sikatai. Hata umri wangu ni zaidi ya saa moja."

Hakucheka. Hawa wamefundishwa. "Unaweza kumpendekezea rafiki ama jamaa hiki kituo?"

Hapo nilivua kofia. Nikamwambia, mwanangu, hospitali si hoteli. Rafiki yangu nimwambie nini, njoo uugue, huku pazuri? Nikimpenda nitamwombea asifike. Nikimchukia, hata huyo ana mama.

"Naweka 'sijui'. Ya mwisho, mzee. Kutoka moja mpaka tano, unapatia huduma ngapi?"

Sasa hapa nisaidieni. Mtu wa Kenya ukimtajia hospitali na namba, anafikiria level. Level 2 ni zahanati, 3 kituo cha afya, 4 hospitali ya kaunti ndogo, 5 rufaa ya kaunti, na 6 ndiyo Kenyatta kule Nairobi. Level 1 haina hata mlango. Level 1 ni jamii, yaani nyumbani kwako, wewe na mhudumu wa afya anayepita na begi. Miaka yote naumwa kitandani nikidhani nimekosa hospitali, kumbe nimelazwa. Kituo chetu ni 3, imeandikwa ukutani, na kabla ya uchaguzi tuliahidiwa 4, yenye wodi na chumba cha upasuaji. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa nyuma yangu alininong'oneza nisiikimbilie hiyo 4: huku chini matibabu ya nje hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi almradi umejisajili SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya serikali, huko juu utaulizwa mchango wako. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 yakaisha. Sisi nyinginezo tunaulizwa nyumba yako ina ukuta gani, imeezekwa kwa nini, halafu ndiyo unaambiwa kiasi. Na mimi makuti nimeyatoa juzi juzi tu, mabati hata hayajapata kutu. Ningejua ningevumilia kuvujiwa. Lakini ahadi ni ahadi.

"Kwa sasa ni tatu," nikamwambia. "Lakini sisi twataka nne."

"Nne?"

"Nne. Ndiyo tuliyoahidiwa."

Akabonyeza. "Asante mzee. Umeridhika."

"Nani karidhika?"

"Wewe. Nne ni 'nimeridhika'. Tano ndio 'nimeridhika sana'."

"Futa."

"Hairudi nyuma."

"Basi weka moja juu yake."

"Moja ni kusema hujaridhika kabisa."

"Ehe!"

"Lakini ushasema nne."

"Bwana fundi," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "mpe hata kumi tuingie, jua linatuua!"

Mpaka hapo nilikuwa nimejiheshimu. Nilikuwa nimesimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayeshirikishwa. Sijui nini kilinipanda. Nikamwambia yule binti, mwezi jana nilikuja hapa saa nne za usiku na mama watoto, presha imempanda mpaka ananiuliza taa nani kazima, na taa zinawaka. Muuguzi yupo, peke yake, mtu mwema. Mashine ya presha ipo. Betri hamna. Nikamwacha mke wangu kwenye benchi, nikakimbia na ndara hizi, nikagonga dirisha la muuza duka mpaka akaamka, nikanunua betri nne ndogo, nikarudi. Mashine ikawaka, mke wangu akapimwa, akapewa dawa, yu hai mpaka leo na ananigombeza kila siku, alhamdulillahi. Na betri zile sikuzitoa. Zimo humo ndani mpaka sasa, kuna watu wanapimwa nazo. Sasa nionyeshe kwenye tableti yako mahali pa betri.

Akapekua. Kweli alipekua, maskini, kidole juu, kidole chini. Pahali pa betri hapakuwepo.

"Pole, baba," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kuniita baba. "Uko na maoni yoyote ya kuandikwa? Hayo yanachukuliwa."

Nikatoa karatasi yangu. Akaigeuza, akaisoma yote, akatabasamu kidogo alipofika kwa mlinzi, akaipiga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaitia kwenye faili. Nikaingia kifua mbele. Nikakaa juani. Kilichofuata mmekiona pichani.

Na tangu 2013 afya ilipokabidhiwa kaunti, mimi ndiyo kwanza nina karatasi yangu ndani ya faili lao. Ningefurahi, ila ile karatasi ni risiti. Dazeni ya vifungo vya koti la bwana harusi, nilitaka kahawia, kijana wa duka kanifungia vyeusi, sikutazama mpaka nilipofika nyumbani. Nimevirudisha. Mwenye duka ananiambia bila risiti habadilishi. Nikamwambia risiti iko kaunti. Akaniuliza inafanya nini kaunti. Nikamwambia imeshirikishwa. Akahudumia mteja mwingine.

Harusi ni Jumamosi. Vifungo vyeusi nimevishona, nifanyeje, koti haliwezi kufungwa kwa maoni. Bwana harusi mwenyewe ndiye huyu kaingia sasa hivi. Nimemwambia vyeusi kwenye koti la kahawia ndivyo vinavyovaliwa mjini mwaka huu. Hajasema kitu. Amelipeleka koti mlangoni kwenye mwanga, anavihesabu.