Reli, gati na barabara za mpakani: nani aanze, nani alipe?

Gati ya mafuta ya Kisumu ilikamilika mwaka 2018. Bomba kutoka Mombasa lilikuwa limeshafika mjini tangu miaka ya tisini, na mpango wenyewe ulieleweka hata kwa mtoto: mafuta yapakiwe melini, yavuke Ziwa Victoria, yashushwe Uganda bila lori hata moja kupanga foleni kwenye mpaka wa Busia au Malaba. Upande wa pili ndio uliokosekana. Gati na matangi ya kupokelea karibu na Entebbe hayakuwa tayari, meli za kuyabeba hazikuwepo, na vali za Kisumu zikakaa zimefungwa kwa miaka kadhaa. Chuma kilichosimama kando ya maji hula fedha hata kama hakifanyi kazi: kinapakwa rangi, kinalindwa usiku na mchana, mipira ya vali inakauka na kubadilishwa. Mapato yake wakati huo ni sufuri.

Sasa mjadala umehamia kwenye reli ya kisasa, na swali ni lile lile: Kenya iijenge hadi mpakani sasa, au iisubiri Uganda? Reli hiyo ilifika Nairobi kutoka Mombasa mwaka 2017, ikaongezwa kilomita 120 hadi Naivasha mwaka 2019, ikaishia hapo. Kipande kilichobaki, Naivasha hadi Kisumu na Kisumu hadi Malaba, ni takriban kilomita 370. Mchoro wake unapitia Narok na Bomet kushuka hadi Kisumu, maana yake Nakuru, mji uliozaliwa na reli, unaachwa kando. Uganda nayo, baada ya kuvunja mkataba wake na kampuni ya China Januari 2023, ilisaini na kampuni ya Uturuki Oktoba 2024 kwa yuro bilioni 2.7 ili kujenga Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Nchi mbili, mikopo miwili, wakandarasi wawili, kalenda mbili. Wanakutana daraja la Malaba.

Kinachotokea kwa mzigo leo kieleweke kwanza. Treni ya mizigo ya reli ya kisasa inaweza kubeba kontena 108 za futi 20. Ikifika bandari kavu ya Naivasha, kila kontena la Uganda linainuliwa kwa kreni na kuwekwa kwenye behewa la reli ya zamani, kwa sababu reli mpya ina upana wa milimita 1,435 na ile ya zamani milimita 1,000. Kutoka hapo linapita kipande cha kuunganisha cha kama kilomita 24 hadi Longonot, kisha Nakuru, kisha mlima. Timboroa iko juu ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Injini inayovuta mzigo kamili kwenye tambarare haiwezi kuupandisha wote pale; treni inakatwa au inapakiwa nusu tangu mwanzo. Mwenye mzigo akipiga hesabu ya siku za kusubiri behewa pamoja na gharama ya kuinua kontena mara mbili, anaagiza lori. Ndiyo sababu barabara ya Nakuru hadi Mau Summit imejaa malori ya ekseli saba, yanayoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kufikia tani 56.

Wanaosema Kenya iendelee kujenga bila kusubiri mtu wana hoja nzito. Historia iko upande wao. Shirika la pamoja la reli lilisambaratika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na injini na mabehewa yakagawanywa. Mwaka 2006 Kenya na Uganda ziliikabidhi kampuni moja reli zote mbili kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2017 mkataba ulivunjwa na reli ikiwa imechakaa. Mwaka 2013 marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana mjini Entebbe kujenga pamoja, na kufikia 2016 Uganda ilikuwa imeamua bomba lake la mafuta ghafi lipite Tanga, huku Rwanda ikigeukia reli ya Tanzania. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tena Kisumu, Kakamega na Busia ni soko lenyewe: kuna sukari, mbolea, saruji na nafaka za kubeba hata kama hakuna kontena moja linalovuka mpaka.

Wanaopinga wanauliza nani analipa, na hapo ndipo naona hoja yao ina meno. Tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa, inatozwa mizigo inayoingia kutumika Kenya. Mzigo unaopita kwenda Kampala au Kigali hauilipi. Wazo la Serikali ni kuchukua fedha nyingi sasa kwa dhamana ya tozo hiyo ya miaka ijayo. Kwa hiyo mama anayenunua mafuta ya kupikia soko la Kibuye, Kisumu, au vipuri vya pikipiki Nakuru anachangia reli ambayo hesabu zake zimesimama juu ya mizigo ya jirani. Jirani akichelewa miaka mitatu, tozo inaendelea kukatwa na treni inageuzia Malaba tupu.

Jibu la kawaida ni kwamba nauli ya mizigo itarudisha deni. Itarudisha iwapo mzigo utakuja. Katika mkopo wa kipande cha kwanza, Mamlaka ya Bandari ilibebeshwa ahadi ya kuipa reli kiwango fulani cha mizigo. Ahadi ya namna hiyo haiwezi kumfunga mfanyabiashara wa Kampala, ambaye ana uhuru wa kupitisha mzigo wake Dar es Salaam.

Kuna mradi mmoja huku kwetu unaostahili kuangaliwa kwa karibu: barabara ya Kitale hadi Suam na kuendelea hadi Kapchorwa. Upande wa Kenya ni kilomita 45, upande wa Uganda 73, na ndani yake mna barabara ya mchepuko ya Eldoret ya kilomita 32. Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinisha mwaka 2017 kama mradi mmoja, ingawa kila nchi ilikopa na kutangaza zabuni yake. Viwango vya lami na kituo cha pamoja cha mpakani vilipangwa kwa pamoja. Huu ni mfano mzuri, lakini una mpaka wake. Barabara inasamehe: upande mmoja ukichelewa, lori litapita kwenye murram mwaka mzima huku likilalamika. Reli na gati hazisamehi. Kipande kisipounganishwa, thamani ya kile kilichokamilika inashuka karibu na sufuri.

Je, basi tuwe na kampuni moja ya pamoja? Bomba la Tanga limefanya hivyo: TotalEnergies ina asilimia 62, kampuni za mafuta za Uganda na Tanzania 15 kila moja, na CNOOC, kampuni ya mafuta ya China, 8. Hakuna nchi inayoweza kusimamisha kipande chake bila kujiumiza. Bei yake ni muda: njia iliamuliwa 2016, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatiwa saini Februari 2022.

Kwa maoni yangu, Kenya haihitaji kufika huko kote. Ila kabla ya mkopo kuanza kutolewa, mambo manne yaandikwe kwenye mkataba na Uganda: tarehe ya pamoja ya kufika Malaba na faini kwa anayechelewa, nauli ya tani kwa kilomita na jinsi ya kuigawa, akaunti ya pamoja ambamo nauli ya mzigo wa mpakani inaingia kabla ya kuguswa na Hazina yoyote, na injini zitakazovuka. Hili la mwisho linapuuzwa mno. Reli ya Uganda imepangwa kuwa ya umeme, yetu inatumia dizeli. Wasipokubaliana, injini zitabadilishwa Malaba, na pale penye mstari wa malori leo patakuwa na mstari wa treni.

Kisumu nayo ina lake la kudai. Meli ya MV Uhuru hubeba mabehewa 22 yanayoingia ndani kwa reli, na reli hizo ni za milimita 1,000, sawa na zile za bandari ya Port Bell, Uganda. Behewa la reli ya kisasa haliwezi kuingia humo. Kontena litainuliwa tu, iwe Naivasha au Kisumu. Kama ni Kisumu, basi kreni, uwanja wa kupangia makontena na kina cha maji gatini viwe ndani ya bei ya mkataba tangu siku ya kwanza, visiachwe kama nyongeza ya baadaye. Kaunti za magharibi zina maseneta na wabunge; rasimu ya mkataba waidai sasa, kabla ya saini.