Mimi Ndiye Panya Namba Saba

Najua mmeshasikia. Mwenzangu wa maabara kawatangazia kwamba panya kaning'ata nikazimia. Uongo mtupu! Sikuzimia. Na panya wa watu hana kosa.

Kazi yenyewe ni hivi: panya ananyweshwa dondoo la majani, saa moja baadaye anadungwa karagenani, ule utelezi wa mwani mwekundu, mililita 0.1 kwenye wayo wa nyuma. Wayo unavimba. Ukivimba kidogo kuliko wa wenzake walionyweshwa maji ya chumvi tu, basi majani yana jambo.

Namba saba, mwenye doa la njano mkiani, alitulia tuli. Nikambana mguu kwa dole gumba la kushoto, sindano mkono wa kulia, nasogeza taratibu... akavuta mguu. Nami ndiyo kwanza nasukuma dawa. Nikasikia ubaridi, halafu moto. Kutazama, sindano imo gumbani mwangu, bomba tupu.

Mwenye akili zake angeripoti palepale. Mimi nikanawa, nikavaa glavu mpya, nikaenda kwa namba nane. (Msinihukumu bado, mabaya yako mbele.)

Uvimbe wa karagenani hufika kileleni baada ya saa 3 hadi 5. Basi saa ya tatu dole likawa jekundu, linang'aa, linadunda. Mwenzangu: "Hebu tulipime!" Kwa ajili ya sayansi, nikalitumbukiza kwenye pletismomita, kile kibomba cha maji tunachopimia nyayo za panya. Kuingia, liliingia kwa shida. Kutoka, likagoma.

Navuta, kibomba kinakuja nalo. Maji yananichuruzika hadi kwenye kiwiko. Mwenzangu ananipaka sabuni huku anacheka mpaka machozi. Namba saba kasimama kwa miguu miwili, kashika waya za kizimba, anatazama. Ndipo mlango ukafunguka.

Msimamizi wetu akaangalia dole, akaangalia kibomba. "Na huyu yuko kundi gani?"

Wallahi nilijibu: "La maji ya chumvi, Profesa."

Basi, sabuni, zahanati, fomu, mahubiri. Dole limeshanywea.

Kinachoniuma ni jedwali. Wayo wa namba saba haukuvimba hata chembe, mwenzangu akaandika majani yamezuia uvimbe kwa asilimia 100, nami, dole likinidunda, nikapiga makofi. Msimamizi kaukata mstari wote kwa wino mwekundu, pembeni kaandika: "Dozi imekwenda kwa mtafiti."