Checo Pérez: alibebwa au alibebeshwa?

Msimu wa 2023 wa Langalanga (Formula 1), gari la Red Bull lilishinda mbio 21 kati ya 22. Max Verstappen peke yake alizoa 19. Mbili zilizobaki, Jeddah na Baku, alizichukua mwenzake Sergio Pérez, ambaye dunia nzima inamwita Checo, na mwisho wa mwaka Mmexico huyo akawa wa pili kwa pointi 285. Verstappen alikuwa na 575. Wa pili duniani si haba. Ila ukikumbuka kwamba wote wawili waliendesha gari la aina moja, unabaki kujiuliza hizo pointi 290 zilipotelea wapi.

Wanaosema alibebwa huanzia mbali. Checo alizaliwa Guadalajara mwaka 1990, baba yake Antonio akiwa mtu wa mbio za magari, na nyuma yake kulikuwa na Telmex, kampuni ya simu ya tajiri Carlos Slim. Alipoingia timu ya Sauber mwaka 2011, pesa za Mexico ziliingia naye. Sawa, alibebwa. Lakini si tunasema ukibebwa, bebeka? Kijana huyo alihamia Ujerumani akiwa na miaka 15 tu, na kwa muda alikuwa analala kwenye mgahawa wa bosi wa timu yake. Mwaka 2010 alikuwa wa pili katika GP2, ngazi iliyokuwa chini ya Formula 1. Mwaka 2012, Malaysia, akiwa na Sauber yake ya kawaida, alimfukuza Fernando Alonso wa Ferrari kwenye lami yenye maji mpaka akakaribia kumpita, akateleza kidogo, akamaliza wa pili. Hilo Slim hakuweza kumnunulia.

McLaren walimchukua 2013, wakamwacha baada ya mwaka mmoja. Sioni la kumlaumu sana hapo. Gari la mwaka ule halikumpandisha jukwaani hata Jenson Button, bingwa wa dunia wa 2009.

Ufundi wake halisi uko kwenye matairi. Matairi ya Pirelli ya enzi hiyo yalichakaa upesi, na dereva mwenye pupa huyamaliza kwa kukanyaga mafuta kabla kona haijaisha. Checo husubiri, gari linyooke, ndipo akanyage. Sakhir, Bahrain, Desemba 2020, aligongwa na Charles Leclerc mzunguko wa kwanza, akajikuta mkiani. Akabadilisha matairi, akaanza kula mmoja mmoja. Mercedes walipovurugana wenyewe kwa kumfungia George Russell matairi yasiyo yake, Checo ndiye aliyekuwepo mbele kuokota ushindi. Ulikuwa wa kwanza kwake, baada ya mbio 190, na wa kwanza kwa Mmexico tangu Pedro Rodríguez aliposhinda Ubelgiji mwaka 1970. Wakati huo alikuwa ameshaambiwa na Racing Point, timu yake ya wakati ule, kwamba kiti chake kimepewa Sebastian Vettel! Wiki mbili baadaye Red Bull wakamtangaza.

Huko mwanzo ulikuwa mtamu. Abu Dhabi 2021, kwenye mbio za kuamua ubingwa, alimkalia mbele Lewis Hamilton wa Mercedes, mpinzani wa Verstappen, na matairi yaliyokwisha: anapitwa, anarudisha, anapitwa tena. Hamilton alipoteza zaidi ya sekunde sita, Verstappen akasogea, na redioni akamwita mwenzake gwiji. Mwaka uliofuata Checo akashinda Monaco na Singapore.

Kisha mambo yakaharibika. Mwaka 2023 alishindwa kuingia kumi bora za mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia mara tano mfululizo, kuanzia Monaco alikojibamiza ukutani mwenyewe. Nyumbani Mexico aligongana na Leclerc kona ya kwanza kabisa. Mwaka 2024 alipata pointi 152, Verstappen 437. Verstappen akawa bingwa, lakini Red Bull wakaangukia nafasi ya tatu kwa timu. Hapo sina utetezi: kwa gari hilo, pointi 152 ni chache mno.

Wanaomtetea wanatazama kiti chenyewe. Verstappen anataka pua ya gari iingie konani papo hapo, hata mkia ukiyumba. Checo anataka mkia utulie kwanza. Mafundi humfuata anayeshinda, na kadiri gari lilivyoboreshwa ndivyo lilivyomkataa yeye. Kabla yake Pierre Gasly hakumaliza msimu kwenye kiti hicho, na Alex Albon aliyempokea akaachwa mwisho wa 2020. Baada yake Liam Lawson akadumu mbio mbili bila pointi hata moja, na Yuki Tsunoda, aliyepewa zilizobaki zote za 2025, akaambulia 30. Ukiwapanga hivyo, 285 za Checo zinaanza kupendeza.

Mimi naona kiti kilikuwa kigumu, naye alipofika 2024 alikuwa ameshakata tamaa nacho. Ila wa kulaumiwa zaidi ni Red Bull wenyewe: Juni 2024, akiwa tayari anayumba, walimwongezea mkataba wa miaka miwili, na Desemba wakaachana naye.

Agosti 2025 Cadillac, timu mpya ya Marekani, ilitangaza kumchukua kwa msimu wa 2026. Safari hii halinganishwi na Verstappen. Mwenzake ni Valtteri Bottas, aliyekaa miaka mitano Mercedes kando ya Hamilton.